Jumanne Ni ya Taarabu

Tangu niache kazi, nyumba yangu ya Kitengela iko na shida moja, na shida yenyewe ni mimi. Mke wangu, Mama Njeri, anasema hakujua aliolewa na makabila mengi hivi. Jumatatu anaamka na gitaa za Kikuyu. Jumanne chai inachemka na taarabu. Jumatano kuna kelele za vijana mpaka sahani zinatetemeka kwa kabati. Alhamisi tunaokoka. Ijumaa, saa nane ikishapita, ni kinanda cha udi cha Wasomali. Jumamosi ni rumba ya Kongo, na Jumapili jioni nakaa kwa veranda nasikiza Wazungu wa kofia kubwa wakililia lori zao.

"Baba Njeri," aliniuliza juzi akichambua mchele, "wewe mwenyewe unapenda gani? Ukipewa siku moja tu, ya kwako, utaweka nini?"

Mimi, mtu ambaye Kitengela nzima ilikuwa inajua nimefika kabla nione geti lao, nilijifanya natafuta miwani.

Hapo ndipo nikakumbuka nyinyi vijana wa lori za maji, vile katibu wa chama chenu alinisumbua niwaandikie mambo ya kazi kabla niyasahau. Alitaka niandike juu ya pampu. Nitaandika juu ya pampu kidogo. Lakini mkitaka kujua kazi yetu vile ilivyo, lazima niwaambie juu ya muziki. Mambo ya cheo sitaandika. Miaka mingi nilijiajiri mwenyewe, na kupanda pekee nilikopanda ni ngazi ya tenki. Shule niliacha darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza vizuri. Kwa hivyo mkiona makosa, jueni ni yangu, sikuiba kwa mtu.

Nilikuja Kitengela kutoka Murang'a nikiwa kijana mwembamba, wakati swala walikuwa bado wanavuka barabara bila kuuliza mtu. Nilianza na mkokoteni na mitungi ya lita ishirini. Mkokoteni hauna redio, basi redio nilikuwa mimi. Niliimba nyimbo za kanisa kutoka kisimani mpaka kwa mteja, na sijisifu, lakini sauti yangu ilikuwa inafika mbali. Siku yangu ya kwanza mama mmoja alifungua geti kabla nibishe.

"Umejuaje nimefika, mama?"

"Nilidhani kuna mtu amegongwa na gari," akasema.

Alichukua mitungi minne. Na kila siku baada ya hiyo, akisikia mtu amegongwa na gari, alikuwa anatoa mitungi nje.

Kutoka mkokoteni nilienda kwa punda, kutoka kwa punda nikaenda kuendesha lori la Mzee Mutua, Mkamba mmoja mfupi aliyekuwa amebeba maji tangu Kitengela ikiwa maduka machache na vumbi. Kila kitu ninachojua, nusu ni yeye alinifundisha, na ile nusu ingine nilijifundisha kwa kukataa kumsikiza. Alinifundisha kusikiza pampu: ikiwa inavuta maji, inanguruma sawasawa, ikianza kuvuta hewa, inakoroma kama mlevi, na ukiiacha ikorome dakika tano umeiua. Alinifundisha kufunga mpira wa maji kwa waya mara mbili, si mara moja, hata kama klempu ya kuubana ni mpya. Alinifundisha nisiwahi kuegesha lori lililojaa kwa ule udongo mweusi wa huku mvua ikinyesha. Hilo sikusikiza. Lori lilikaa hapo wiki nzima, na watu wakaanza kulitumia kama alama ya kuelekeza wageni.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili la muziki.

"Mwangi," alisema siku moja nikipiga honi nje ya esteti, "hiyo honi unamwita nani?"

"Mteja."

"Mteja gani? Angalia."

Nikaangalia. Mageti kumi na tano yalikuwa yamefunguka. Akina mama wametoka na mitungi, watoto na sufuria, mpaka mtu mmoja na beseni la kuogea. Na maji yalikuwa ya nyumba moja. Mnajua vile maji ya mfereji huku kwetu yanakuja kama jamaa wa mbali, mara moja kwa mwezi na bila kusema. Nilitukanwa na watu kumi na wanne siku hiyo kwa ajili ya mteja mmoja.

Mzee Mutua alikuwa na dawa. Kila njia aliipa muziki wake. Njia ya Jumatatu ilikuwa na aina moja, ya Jumanne aina ingine. Mtu akisikia muziki si wake, anakaa ndani, anaendelea na ugali wake. Akisikia wake, anakuja kufungua tenki, na ukifika unaunganisha mpira tu. Ni kazi safi. Kwa hivyo vijana, mkiona mzee kama mimi anabadilisha muziki kila siku, msidhani ni wazimu. Hiyo ilikuwa ratiba.

Baada ya miaka nilinunua lori langu mwenyewe. Hebu someni hapo tena: langu mwenyewe, mtu wa darasa la sita. Lilitoka Mombasa, na ndani ya redio kulikuwa na kaseti ya taarabu imekwama. Nilijaribu bisibisi, nikajaribu kisu cha jikoni, nikajaribu maombi. Haikutoka. Mwenye lori wa zamani nilipompigia simu alicheka, akasema hata yeye alilipata nayo. Basi nilifanya kazi miezi mitatu na taarabu peke yake. Vinanda vinalia, fidla zinalia, na mama mmoja mwenye sauti ya asali anasema maneno ambayo mimi, Mkikuyu wa bara na Kiswahili changu cha sokoni, sikushika hata robo. Kitengela nzima ilijua Mwangi amekuwa Mswahili. Jirani mmoja aliniuliza kama nimesilimu.

Ni wakati huo wa taarabu nilipopata mteja wa nyikani, Mzee Lemayian. Boma lake liko nje kidogo ya Isinya, upande wa mashariki, na ng'ombe wake walikuwa wengi na walikuwa na kiburi, mnajua ng'ombe wa Mmaasai aliyeshiba. Kila Jumanne nilikuwa namwaga maji kwa birika lake la saruji. Miezi mitatu ilipoisha nikapata fundi aliyetoa ile kaseti, nikafurahi, na Jumanne iliyofuata nikaenda kwake na nyimbo za Kimaasai. Nilikuwa nimezitafuta kwa makusudi, kwa heshima. Nikafika nikijiona mtu wa maana sana.

Ng'ombe walisimama mbali. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Nikaongeza sauti. Wakarudi nyuma.

"Sopa, Mwangi," Mzee Lemayian akanisalimia.

"Epa, mzee."

"Umeleta nini leo?"

"Nyimbo zenu."

Akasikiza kidogo, fimbo yake kwa mabega. "Hizi ni zetu," akasema. "Hazina maji. Rudisha yule mama."

Nikarudisha kaseti. Kabla wimbo wa kwanza uishe, ng'ombe walikuwa kwa birika, na mbele yao ng'ombe mmoja mzee wa mabaka, pembe moja imeinama, jina lake Sambu. Wengine wote walikuwa wanamfuata yeye. Tangu siku hiyo Jumanne ikawa ya taarabu, na nilikuwa nimekwama tena, safari hii bila kaseti kukwama.

Zile siku zingine zilikuja polepole, kila moja na aibu yake. Jumatano nilikuwa napeleka maji Kware, kule Rongai, kwa maghorofa ya wapangaji ambapo tenki iko juu kabisa na ngazi iko kama imejengwa na adui. Vijana wa huko wanataka muziki wao. Binti yangu Njeri akaniwekea kwa flashi. Nikafika nikitikisa kichwa, nikiwa na uhakika wote.

"Buda, hii ngoma imezeeka," kijana mmoja akaniambia kutoka kwa dirisha; buda kwao ni baba.

"Imezeeka vipi? Nimeipata Jumapili!"

"Ndio hiyo Jumapili unasema, buda."

Ijumaa nilikuwa na Hajji Abdi, mfanyabiashara wa mifugo pale Kitengela, mtu mpole mwenye ndevu za rangi ya hina. Ijumaa ya kwanza nilitaka kumfurahisha, nikaweka kaswida, sauti juu kabisa, saa saba unusu hivi. Alitoka nje mbio, kofia mkononi.

"Mwangi, ndugu yangu, unashindana na mwadhini?"

Akanifundisha kungoja swala iishe. Halafu akanipa kaseti ya nyimbo za Kisomali za udi, za ujana wake. Nikiziweka alikuwa anasimama kando ya lori amefunga macho, na mimi kwa sababu ya heshima nilikuwa namwangalia yeye badala ya tenki, na tenki ilikuwa inafurika mpaka barabarani. Hiyo ndiyo sababu bustani ya jirani wa Hajji ilikuwa nzuri kuliko zote.

Alhamisi ilikuwa ya Mama Wambui. Huyu ni mama wa kwetu, Mkikuyu wa kanisa, anafuga kuku wa mayai kwa ploti pale Isinya. Nyinyi mnaofikiri kuku ni ndege wa kawaida, hamjui kuku wa mayai. Wakishtuka, wote wanakimbilia kona moja, wanapandana, na wale wa chini wanakosa hewa. Kwa nusu saa unaweza kupoteza banda. Ndio maana wafugaji wanawawekea redio tangu wakiwa vifaranga, wazoee sauti. Kuku wa Mama Wambui walilelewa na nyimbo za injili za Kikuyu, asubuhi mpaka jioni.

"Mwangi," aliniambia siku ya kwanza, kidole juu, "ukiingia hapa, ni injili. Usiniletee dunia kwa kuku zangu."

Kwa hivyo nilikuwa na kuku waliookoka Alhamisi na ng'ombe wa taarabu Jumanne, umbali wa kilomita chache tu kati yao. Mtu mwenye akili angeona hatari. Mimi nilikuwa na akili, lakini nilikuwa pia na spika mpya ya honi juu ya kabini, na swichi mbili: moja ya ndani, moja ya nje.

Sasa nifike kwa ile Alhamisi.

Ulikuwa mwaka wa ukame mbaya. Nyasi zilikuwa zimeisha mpaka ardhi inaonekana kama ngozi ya kichwa. Jumanne za Mzee Lemayian zilikuwa zimegeuka kazi ya huzuni: ng'ombe bado walikuwa wanakuja kwa taarabu, lakini walikuwa wanakuja wakitembea pole, na mbavu unaweza kuhesabu ukiwa kwa usukani. Jumanne ya mwisho mzee aliniambia amekata shauri.

"Alhamisi tunahama. Tunapeleka Loitokitok. Chini ya mlima kuna majani kidogo."

"Watafika?"

"Wakitembea polepole, watafika. Wakichoka njiani, wanalala. Ng'ombe kama hii ikilala, haiamki. Hawa ndio kila kitu niko nacho, Mwangi. Wakiisha, mimi ni mzee wa kukaa kwa duka la mtu."

Nilimshika mkono, nikamtakia safari njema. Nilikuwa na huzuni ya kweli. Na niwaambie siri ambayo hata Mama Njeri hajui: taarabu ilikuwa imeniingia. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema ni ya ng'ombe. Alhamisi asubuhi, nikitoka Kitengela na lori limejaa maji ya Mama Wambui, nilijua hakuna Jumanne ingine kwa muda mrefu, na nikataka kusikia yule mama mara moja tu, peke yangu, ndani ya kabini. Nikaweka. Nikaongeza sauti, nikaimba naye maneno nisiyoyajua.

Swichi ya nje sikuzima.

Nilipita karibu na Isinya nikiimba kwa furaha kama bwana harusi. Watu walikuwa wananipungia mkono na mimi nawapungia. Nilipokata kona kuingia ploti ya Mama Wambui nikaona vumbi kwa kioo cha kando. Nikafikiri ni upepo. Vumbi lilikuwa na pembe.

Mzee Lemayian na mtoto wake Saruni, mwanaume mzima mwenye bibi na watoto, walikuwa wametoka bomani alfajiri na kundi lote. Walikuwa wamefika karibu na barabara wakienda pole, vile walivyopanga. Halafu ng'ombe wakasikia Jumanne. Sambu akageuka, wakageuka wote, na wale ng'ombe ambao hawakuwa na nguvu ya kufukuza nzi wakakimbia nyuma ya lori langu mpaka kwa geti la kuku.

Mama Wambui alitoka na kitambaa kichwani. "Mwangi! Hizi ni nini?"

"Ni ng'ombe, mama."

"Naona ni ng'ombe! Nauliza zinafanya nini kwa geti yangu!" Halafu akasikia kile kilichokuwa kinatoka juu ya kabini. "Na hiyo ni nini? Ngai! Zima! Kuku wanapandana!"

Nikaruka ndani, nikazima, nikaweka injili haraka. Bandani kelele ikapungua kidogo. Lakini ng'ombe nao wakaanza kulia, wote pamoja, na wakaanza kusukuma wavu wa banda wakitafuta maji yako wapi, na kuku wakaanza tena. Nikajaribu kuweka taarabu chini kabisa niwatoe na lori pole pole. Ng'ombe wakatulia, kuku wakapanda ukuta. Nikarudisha injili. Kuku wakatulia, ng'ombe wakarudi kwa wavu. Nikazima kila kitu. Wote wakalia. Vijana, nimeendesha lori bila breki kuteremka mlima, nimetoa nyoka kwa valvu, lakini sijawahi kutoa jasho kama siku hiyo nikibadilisha nyimbo.

Mzee Lemayian akafika kwa miguu, shuka imejaa vumbi, pumzi imeisha. Hakunisalimia.

"Mwangi. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, mzee."

"Ng'ombe wamesema ni Jumanne."

Nikaanza kufuta kioo cha kando kwa mkono wa shati.

"Wamekimbia," akasema. "Nguvu ya kufika Loitokitok wameimaliza hapa kwa geti. Wape maji."

"Maji gani?" Mama Wambui akaingilia. "Pole sana, mzee, lakini hayo ni maji ya kuku zangu, ya wiki mzima. Tenki yangu iko kavu tangu jana."

"Mama, mimi sikuja kuomba. Mimi nilikuwa naenda zangu. Ni huyu aliwaita." Akaninyooshea fimbo. "Umewaita, Mwangi. Sasa wako hapa."

Sambu alikuwa amefika chini ya tenki na alikuwa analamba valvu, pale panapotoka tone moja moja. Ulimi ulikuwa mkavu, unasikia ukikwaruza chuma. Mama Wambui akamwangalia. Aliangalia muda mrefu, na ile hasira ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Hii ilikula lini?" akauliza.

"Jana," Mzee Lemayian akasema. "Ilikula katoni."

"Katoni ya nini?"

"Ya sabuni. Saruni aliomba kwa duka."

Mama Wambui akafunga kitambaa chake upya, akakivuta sana. "Kuku wanywe kwanza," akaniambia. "Halafu ufungue hiyo kitu yote. Na hiyo muziki yako ya dunia isisikike mpaka niseme. Mimi naingia kwa banda."

Nikajaza tenki yake ndogo ya bandani. Halafu mimi na Saruni tukachukua turubai langu, tukalitandaza kwa mtaro kando ya geti, tukaweka mawe kwa ukingo, nikafungua valvu. Huko ndani Mama Wambui alikuwa amesimama katikati ya kuku zake, anawaimbia injili kwa sauti yake mwenyewe, moja baada ya ingine, na huku nje ng'ombe walikuwa wanakunywa. Mnajua mlio wa ng'ombe mwenye kiu akinywa? Sijawahi kuweka huo kwa spika, lakini ni mzuri kuliko rumba.

Nikafikiri mambo yameisha. Nikaanza hata kujisifu moyoni.

Lakini walipomaliza kunywa, hawakutaka kuondoka. Saruni akapiga mluzi. Mzee akaita. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, sauti ile ambayo wameijua tangu wazaliwe. Walikuwa wanaangalia lori. Mmoja akakunja magoti ya mbele, akalala kando ya gurudumu langu. Halafu wa pili.

"Wasilale," mzee akasema, na nilisikia sauti yake imebadilika. "Saruni, inua hiyo. Inua!"

Wakamwinua mmoja kwa mkia na kwa pembe. Wa tatu akalala.

"Sambu haendi bila hii lori," Saruni akasema. "Na hawa hawaendi bila Sambu."

"Basi Mwangi atatupeleka Loitokitok," mzee akasema.

"Mzee! Na wateja wangu? Na dizeli? Na huko njia ni ya miguu!"

Wote wawili walikuwa wananiangalia vile ng'ombe walikuwa wanaangalia lori.

Mimi nilikuwa na spika moja nyekundu, ndogo, ya kubeba mkononi, ambayo nilikuwa naiweka kwa kabini. Ilikuwa ya Jumapili, ya wale Wazungu wa kofia. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa, hata Njeri, hata fundi. Nilipanda kabini, nikaitoa. Nikamwita Saruni alete simu yake, na pale pale nikamrushia taarabu yote, ambayo Njeri alikuwa amenihamishia kutoka kwa kaseti mpaka kwa simu yangu, ilichukua muda mrefu kuliko mtu anavyopenda akiwa na ng'ombe wanaolala. Nikamfunga ile spika kwa kamba ya mpira, ikamning'inia mgongoni.

"Chaji?"

"Tuko na sola ya tochi," Saruni akasema.

"Mama Wambui!" nikaita. "Tafadhali, imba kwa nguvu!"

Akaimba kwa nguvu. Saruni akatembea hatua kumi mbele, akageukia upande wa mlima, akabonyeza. Fidla zikaanza.

Masikio ya Sambu yakasimama. Akaliangalia lori langu mara ya mwisho, kama mtu anayeangalia duka lililofungwa. Halafu akainua sehemu ya nyuma, akainua ya mbele, akamfuata Saruni. Wengine wakaamka wakafuata. Mzee Lemayian akapita karibu na mimi nyuma yao na hakusema asante, wala sikuitaka. Nilibaki nimesimama kwa maji ya matope, nikisikiza yule mama akienda Loitokitok kwa miguu, mpaka akapotea.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Jumanne nilikuwa natoka na lori na sina pa kwenda. Mtandao wa huko ni mbaya, na Saruni alinipata mara moja tu.

"Spika inaisha chaji haraka," akasema. "Na wenzangu wa huku wananicheka."

"Wacha wacheke. Ng'ombe?"

"Wawili wamebaki njiani. Wengine wanatem..." Simu ikakatika. Nilikaa na hiyo nusu ya neno wiki nyingi. Mama Njeri alidhani ni mgongo unaniuma.

Halafu mvua ikaja. Ilinyesha Kitengela mpaka barabara zikawa mito na wateja wangu wote wakawa na maji ya bure, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikununa. Nyasi zilipotoka, Mzee Lemayian alinipigia mwenyewe.

"Njoo uone."

Nilienda bila lori, na viatu vya kanisa. Nilikuta nyika imekuwa kijani mpaka macho yanauma, na ng'ombe wametawanyika kila mahali, si wote, lakini wengi, wamenona, ngozi inang'aa. Sambu alikuwa hapo karibu, ameinamisha ile pembe yake kwa majani. Nilisimama mbele yake nikitegemea salamu. Alizunguka miguu yangu akaendelea kula.

"Saruni, mwekee," mzee akasema.

Saruni akaleta ile spika yangu nyekundu, ambayo sasa ilikuwa ya rangi ya udongo na imefungwa kwa waya mahali pawili. Akabonyeza. Yule mama akaanza kuimba, sauti imekwaruzika kidogo kwa safari. Nikaangalia ng'ombe. Hakuna aliyeinua kichwa. Hata sikio halikugeuka. Miaka yote hiyo nimefanya kazi, sijawahi kupuuzwa vile.

"Wameshiba," Mzee Lemayian akasema, akakaa kwa jiwe, akanionyesha lingine nikae. "Sasa ni sisi tu tunasikiza."

Tukakaa. Wimbo ukaenda mpaka karibu mwisho, pale anapovuta sauti kama anamsema mtu aliye nyuma ya mlango. Mzee akaniinamia.

"Mwangi, wewe ndiye ulimleta. Huyu mama anasema nini?"

"Sijui, mzee. Kusema ukweli, sijawahi kujua."

Akachukua ile spika kwa Saruni, akaiweka mbele yangu.

"Basi mwambie aseme tena."